Gari Linalowashwa na Wawili

Wekeni spana chini, wanangu, mje mbele ya kiti changu niwaone wote wawili bila kugeuza shingo, maana shingo nayo imeanza kunigomea. Daktari ameniruhusu kurudi nyumbani, na ninyi si watoto tena, mnajua mtu wa hali yangu huruhusiwa kwa nini. Basi nisikilizeni hapahapa gerejini, kwenye harufu ya petroli. Kulala chumbani nimechoka, na jambo langu lililobaki liko hapa.

Niyamalize kwanza yaliyo mepesi. Nyumba ni yenu nyote, na atakayekuja kulala humo kwa shida zake asiulizwe na mwenzake ataondoka lini. Vitabu vyangu vya chuo wapeni wanafunzi wanaovitaka. Visivyotakiwa msivionee haya, vitupeni. Jirani yetu, huyu tunayemwita Bwana Kelele kwa kulalamikia mlio wa gari letu miaka nenda miaka rudi, asizuiwe mlangoni siku mtakayonizika. Alinisumbua sana, lakini mama yenu alipougua alikuwa akizima redio yake bila kuombwa, na hilo nalikumbuka kuliko maneno yake yote.

Sasa gari. Wewe kijana unataka kung'oa injini hii ya zamani uweke mpya. Wewe dada yake unataka lifunikwe turubai lisiguswe na mtu, kwa kuwa kile kiti cha mbele alikikalia mama yenu. Nakataa yote mawili. Gari nawaachia wote, na liendeshwe. Ninachotaka ni kwamba muiweke taimingi, cheche ije kwa wakati wake, ninyi wenyewe, pamoja, leo, masikio yangu yakiwa bado yanafanya kazi.

Asubuhi mmejaribu, nimesikia. Injini imepiga chafya kupitia kabureta, ikatoa kishindo kimoja, ikanyamaza, na kijana akatangaza kwamba distributa, kile kigawa cheche, imekufa. Haijafa. Cheche inatakiwa ije pistoni inapokaribia kufika juu, ikiwa imebana hewa. Lakini alama ya kwenye puli, lile gurudumu la mbele ya injini, hufika mbele ya mshale mara mbili: pistoni ya kwanza inapobana hewa, na tena inapotoa moshi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, ndiyo maana tunatoa plagi, mtu mmoja akaziba tundu lake kwa kidole gumba asikie pumzi ikimsukuma. Kijana, wewe ulikuwa unazungusha puli, macho kwenye alama. Binti yangu, kidole kilikuwa chako. Pumzi uliisikia? Usinijibu, uso wako umeshajibu. Uliisikia pumzi, alama ilipopita mara ya kwanza, ukangoja uulizwe. Naye hakuuliza, akasimamisha ilipopita mara ya pili. Injini haiwezi kuwashwa na watu wasiosemezana.

Na hamsemezani tangu tulipomzika mama yenu. Mmoja anasema angehamishiwa hospitali kubwa angepona. Mwingine anasema aliteswa bure kwa kuhangaishwa huku na huku. Wanangu, mama yenu alikataa kuhamishwa kwa kinywa chake, akili zake timamu, nanyi mmesimama pale. "Nimechoka kubebwa kama kabati," alisema, mkacheka wote wawili. Mlimsikia vizuri. Ila kumlaumu marehemu ni kazi ngumu, ndipo mkaamua kulaumiana ninyi kwa ninyi. Nimewatazama mkipishana sebuleni kama wapangaji, na uchovu nilio nao hautokani na ugonjwa peke yake.

Hapahapa, enzi zile, mimi nikiinama na taa yangu ya kupimia, nikigeuza distributa unywele kwa unywele, mama yenu alikuwa ndani ya gari, mguu kwenye pedali, akinipigia kelele: "Mheshimiwa, gari limeshapona, mgonjwa umebaki wewe!" Nami namjibu aongeze moto kidogo, yeye anasema nimezidisha, mimi nasema bado. Hatukuwahi kukubaliana, wala hatukuwahi kunyamaziana. Tangu aondoke sijaliwasha. Nilijaribu kuinua boneti mara moja, nikaifunga.

Haya, rudini kazini. Toa plagi. Zungusha puli, mwanangu, polepole... Kidole, binti yangu. Ukisikia pumzi, sema. Sema kwa sauti, huyo si mgeni, ni mdogo wako!

Umemsikia? Basi mjibu.

Vizuri. Sasa fika kwenye alama, usiipite. Rota, kile kidole cha ndani ya distributa, imeangalia upande wa pili, mnaona? Ing'oe distributa, igeuze nusu mzunguko, irudishe. Ile balbu ndogo, waya mmoja kwenye koili, mwingine kwenye chuma cha injini. Dada atazame balbu, wewe geuza... Ikiwaka tu, akuambie, kaza nati hapohapo. Nipeni maji kidogo. Hapana, acheni, endeleeni.

Rudisha plagi. Kifuniko. Dada aingie ndani, awashe.

...Tena.

Naam. Naam, hiyo. Iacheni ipate joto. Inatetemeka kidogo, skrubu ya kabureta hiyo, robo mzunguko... Dada anasema imezidi, wewe unasema bado. Bishaneni. Bishaneni tu, wanangu, nawasikia.

Inatosha. Funga boneti. Mungu awaweke, awape kila mmoja wenu mtu wa kumwambia anachokisikia. Nimeridhika nanyi, wewe na wewe, sawasawa. Sasa lipelekeni barabarani, mpaka kule kwenye mlima, mkasikie kama injini inagonga likipanda. Wote wawili. Mimi niacheni hapa kwenye kiti, na mlango wazi.

Na mkirudi mkinikuta... nisikilizeni hili, ndilo la mwisho... mkinikuta nimeshalala, asiwepo wa kusema tungebaki, wala wa kusema wewe ndiye uliyetaka twende. Niliyewatuma ni mimi. Akili zangu timamu.

Nendeni. Msiende mbio.