Mshumaa wa Violeth

Wapendwa mliopanda milima mpaka hapa Kibakwe kumsindikiza Mwalimu Batholomeo Silvano, familia inawashukuru, na inaomba mtulie kidogo mmsikilize alivyoishi.

Marehemu alizaliwa hapa Kibakwe tarehe 14 Aprili 1944, akasoma hapa hadi darasa la nne, akaendelea Mpwapwa, akasomea uuguzi, na mwaka 1968 akaajiriwa Dodoma kufundisha wauguzi, kazi aliyoifanya kwa ukali ambao baadhi yenu mliopo mnaukumbuka vizuri. Tarehe 26 Desemba 1970 alifunga ndoa na Edina, wakajaliwa mtoto mmoja, Violeth, mwaka 1974. Edina alifariki mwaka 1988, na nyumba yao ya mtaa wa Kikuyu, Dodoma, ikabaki na watu wawili wasiojua kuzungumza bila mama kuwa katikati yao.

Mwaka 1992 watumishi wa serikali walipopunguzwa, naye alipunguzwa, akakaa miezi mitano akipiga pasi koti jeupe asilokuwa na pa kulivalia, hadi rafiki yake Respicius alipomwita Kasama, Zambia. Huko waligeuza ghala la mahindi kuwa chuo cha uuguzi, kikafunguliwa Januari 1994, na mwaka 1999 akaanzisha chuo cha maafisa tabibu Mzuzu, Malawi. Violeth alibaki kwa jirani, Mama Munira.

Wauguzi wanapohitimu, mzazi humwashia mwanawe mshumaa kabla ya kiapo, na marehemu aliwawashia wote wasio na wazazi. Tarehe 2 Novemba 1996 Violeth alihitimu uuguzi Dodoma, siku ileile ya mahafali ya kwanza ya Kasama, tarehe ambayo marehemu aliipanga mwenyewe kabla barua ya binti yake haijamfikia, na wazazi wa kule walikwisha panda malori, akashindwa kuahirisha. Akawasha mishumaa kumi na saba ya yatima, watoto wa watu. Wa Violeth uliwashwa na Mama Munira, na familia haitaficha, tangu siku ile Violeth hakujibu barua ya baba yake hata moja. Marehemu aliandika kila mwezi, akiishi chumba cha nyuma ya ofisi, akila peke yake, na wanafunzi wakidhani hapendi watu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2003, akarudi Kikuyu Februari 2005. Violeth alimwuguza miezi minne, akampa dawa kwa wakati, akamwogesha, akamwamkia shikamoo kila asubuhi, na zaidi ya hapo hakumwambia neno. Jumanne tarehe 7 Juni, saa tisa alasiri, marehemu aliomba mshumaa, Violeth akamwambia umeme upo, naye akajibu kwamba anajua. Njiti tatu zilimzimikia mikononi, ya nne ikashika, akauwasha, akamkabidhi binti yake, akamwomba ale kiapo. Violeth, akiwa na khanga ya kufulia, alikula kiapo chote huku analia, kisha wakazungumza mpaka jua likazama. Maneno ya miaka tisa hayakuenea katika siku mbili, maana Alhamisi tarehe 9 alifariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kikuyu, Mama Munira kuliko wote, na wenzake wa Kasama waliosafiri siku tatu, ambao wengine aliwawashia mishumaa yao.

Violeth ameomba mshumaa wa kwenye jeneza asiuguse mtu mwingine, na sasa anakuja kuuwasha. Mwalimu, umefika nyumbani, pumzika kwa amani.