Hukumu ya Mke wa Haruni

Zaituni, funga dirisha, upepo wa ziwa unaniingia mifupani. Nawe Swalehe sogea, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na haya ninayowaambia wanangu ndiyo wosia wangu. Nyumba hii na shamba la Bukima mtagawana kama sharia ilivyogawa, hapo sina wasiwasi. Kinachonitetemesha ni kesi ya Ghati, na ninaogopa, naogopa kweli, nisije nikafa sijaihukumu.

Mnajua Haruni mumewe alitoka kisiwa cha Rukuba na wenzake, mtumbwi ukapinduka; wenzake tuliwazika, yeye hakuonekana, mwaka wa tatu huu. Haruni alisilimu, ukoo wake haukusilimu, na kwao maiti ikipotea ziwani huzikwa tunda la mwegea badala yake, ndipo mke ahesabiwe mjane. Nduguye Magige amegoma kuzika tunda, maana anajua akilizika, nyumba ya Haruni anayoishikilia itamtoka mkononi. Alipokuja kwangu akatabasamu, akasema, "Shehe, sisi bado hatujamzika, na kitabu chenu nacho si kinasema aliyepotea ni hai mpaka ithibitike?"

Kweli kinasema. Lakini waliotuandikia tusubiri walitaka msafiri asirudi akakuta mkewe kaolewa na watoto hawajulikani wa nani. Sharia imekuja kulinda dini, uhai, akili, kizazi na mali. Sasa kusubiri huku kunalinda kipi hapo? Mtoto mkubwa Magige kamwachisha shule, kampeleka Bunda kuchunga ng'ombe za watu, na mama mwenyewe juzi kaingia majini pale Mwigobero na nguo zake zote, akina mama wa dagaa wakamvuta kwa nguvu. Nikimwacha afungwe hivi, nitaulizwa roho yake. Nikimfungua na kumbe Haruni yuko hai kisiwa fulani, nitaulizwa ndoa yake. Makadhi ni watatu, mmoja peponi, wawili motoni. Hadithi hiyo nilikuwaga nawasomea watu kisha naenda kula. Leo hata maji hayapiti.

Swalehe, wewe ndiye utakayekalia mkeka wangu, na Magige ana watu na ana maneno, kwa hiyo sikuachii mzigo huu. Waite Mzee Masudi na Idi, wako hapo uani, waingie washuhudie.

Mnanisikia? Nahukumu kwamba Haruni amefariki. Ghati akae eda kuanzia leo, ikiisha yuko huru. Watoto awalee yeye, na nyumba warithi wenyewe, tunda lizikwe, lisizikwe.

Nilaze. Taratibu... Nishike mkono, Zaituni, bado naogopa. Mungu awape kauli moja, wanangu, awape riziki ya halali, asiwatenge... Na Haruni akija kubisha hodi, msimwambie mkewe alimkimbia. Mwambieni ni mimi niliyemwachisha. Mwonyesheni kaburi langu, anidai mimi... mimi peke yangu...