Mdogo Wako Amesusa

Sogezeni viti, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena, na wewe mkubwa zima simu, wanaokupigia watakuwepo kesho, mimi sijui. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, na chumba cha mbele ni cha mdogo wako, yule aliyesimama ukumbini akijifanya anatazama dirishani. Mlango uacheni wazi, asikie. Nimelisema mbele ya wifi yangu na halina mjadala.

Mnajua nilikuwa mkalimani wodini, kati ya wagonjwa wetu na madaktari waliojua Kiingereza tu, na kazi ile niliipenda mno. Siku moja bibi mmoja alikataa kula, daktari akauliza tumbo linamuuma wapi. Nikatafuta neno la Kiingereza la kususa, nikalikosa. Njaa ilimbana kweli, ila mkwewe alikuwa amemsimanga kwa sahani ya chakula, basi amesusa, anangoja kubembelezwa. Nikasema, dawa yake ni mwanawe. Mwana akaja, akamwambia, "Mama, kula basi, kwa ajili yangu," bibi akamaliza sahani akaomba nyingine. Tangu hapo daktari yule, mtu mwema sana, kila asubuhi aliniuliza: huyu anaumwa au amesusa?

Sasa nyinyi mmegombana kwa Kiingereza, tena kwa simu. Ulimsimanga kwamba umemsomesha, naye akaandika kwamba hataki chochote cha nyumba hii, ukamjibu kwamba unaheshimu uamuzi wake. Uamuzi gani, mwanangu? Mdogo wako amesusa! Anangoja umwambie njoo, wewe unamheshimu.

Inuka. Usimpelekee maelezo. Mshike mkono, mwambie, basi mdogo wangu, yaishe, twende kwa mama. Akiuvuta mkono wake, ushike tena, maana mara ya kwanza lazima akatae. Nenda, nisije nikaondoka mmoja wenu yuko nje.

Wifi, niinulie mto... Unawasikia? Analia. Vizuri, huyo anakuja.

Karibu, kitinda mimba wangu. Kaa hapa. Moyo wangu umetulia, wanangu, nina furaha. Mungu awaweke pamoja mpaka mchoshane, na mkichoshana, awaweke tena.

La, wifi, rudisha kijiko. Uji wako mzuri, lakini nataka anilishe huyu. Mkono wangu bado unanyanyuka, ndiyo... Maisha yangu yote nimewadekeza watu. Leo... leo nadeka mimi.