Birika la Mwalimu Ndeti

Pale Emali, barabara ya Mombasa inapokaribiana na reli, pana benchi refu mbele ya kibanda cha Syombua muuza chai. Asubuhi benchi hilo ni la wasafiri. Kuanzia saa nane mchana ni la wenyewe. Wenyewe ni watatu: Kilonzo, aliyeendesha malori miaka ishirini na kuitwa Dere hadi leo, Kahiga, muuza misumari kutoka Murang'a, anayeitwa Hadiwea, na Mutunga, anayeitwa Injinia kwa sababu aliwahi kuuza petroli kituoni miezi minne. Ijumaa hiyo ya Agosti, mwaka wa themanini na sita, alikuwapo wa nne, Mwalimu Ndeti, na mbele yao lilisimama gari lake, stesheni wagoni kuukuu ambalo Emali nzima ililiita Birika.

Kesho yake saa nne asubuhi binti yake Muthoki alikuwa anaolewa Kibwezi. Mchungaji alikuwa na arusi nyingine Mtito Andei mchana huohuo, na alishasema hatamngoja mtu. Ndeti naye alikuwa amesimama mbele ya waumini akatangaza kwamba binti yake atafika ndani ya gari la babake. Tangu Pasaka gari hilo halikuwa limefika Kibwezi bila kuchemka. Kavata, mkewe, hakugombana naye. Alikwenda tu kuzungumza na mwenye lori la mbuzi, aliweke tupu hiyo kesho.

— Tueleze tena, Mwalimu, alisema Injinia, akikunja mguu kama daktari. Inaanza vipi?

— Hapa sokoni haina shida. Makanika ameizungusha soko mara tatu, mshale wa joto haukucheza. Nikishika lami, nikifika sitini, sabini, mshale unaanza kupanda. Nikifika Kiboko inachemka.

Hilo halikuhitaji shahidi. Kiboko kulikuwa na muuza machungwa, Ndululu, aliyelizoea gari hilo hata akawa akiliona kwa mbali anachukua ndoo ya maji kabla halijasimama.

— Ni maji tu, akasema Dere. Nilikwambia tangu Pasaka. Si nilikupa mitungi miwili ufunge kwa bampa?

— Imefungwa. Unaiona pale.

— Ongeza wa tatu.

— Maji ya nini, wewe? Hadiwea akadakia. Shida ni upepo. Upepo wa huku si kama wa kwetu Murang'a. Huu wenu umetoka jikoni. Ndiyo nikampa gunia, aliloweshe, afunike hapo mbele usiingie.

— Nimefunika, Ndeti akasema kwa upole. Linakauka kabla sijafika mbali.

— Weka mawili.

Injinia aliwacheka wote wawili.

— Nyinyi hamjasoma. Barabara imeandamana na reli mpaka Kibwezi, si ndiyo? Reli imelala juani mchana kutwa. Ule moto unaenda wapi? Unaruka kwa injini! Ndiyo nikampa ile mabati.

— Lakini mabati yako iko mbele, na reli iko kando!

— Dere, kwani moto haujui kukata kona?

Dere akanywa chai. Ndeti aliangalia jua. Lilikuwa limeanza kulegea, na nyumbani wanawake walikuwa tayari wanachambua mchele wa kesho.

— Mwalimu, Hadiwea akasema polepole, kama mtu aliyeona kitu. Hii gari ulinunua wapi?

— Tseikuru. Kwa mzee mmoja wa ng'ombe.

— Si ndiyo hiyo! Mnyama wa Tseikuru ukimswaga kuelekea Mombasa, si anageuza kichwa kila saa? Hii gari imezoea kwao. Ukielekeza pua Kibwezi inapandwa na hasira.

— Kweli, akasema Injinia, na reli yake akaisahau palepale.

— Basi iende rivasi, Dere akasema. Iwe inaangalia Tseikuru mpaka kanisani.

— Kilomita sabini? Na shingo ya Mwalimu?

— Kwani anaoza binti kila siku?

Hakuna aliyecheka. Ndeti, aliyefundisha hesabu miaka thelathini, alijikuta anapiga hesabu ya shingo yake: kilomita sabini, mwendo wa kumi kwa saa. Wangefika mchungaji akiwa Mtito Andei.

— Wazee, Syombua akaita, akiitikisa chupa. Chai imebaki kikombe kimoja. Nani mgonjwa zaidi?

Kabla hawajaamua, Muthoki alitokea upande wa soko, amebeba maua mekundu na utepe mweupe kwenye karai.

— Hamjambo, wazee?

— Hatujambo, bibi arusi! Njoo uone tunavyokuhangaikia.

Alipita benchi, akaenda mbele ya gari.

— Baba, maua nitayafunga wapi?

Ndeti akanyanyuka kutazama. Mitungi miwili ya Dere ilikuwa imekazwa kwa mipira. Nyuma yake gunia la Hadiwea, na nyuma ya gunia mabati ya Injinia. Juu ya vyote, gurudumu la akiba alilolitoa nyuma asubuhi hiyo ili wasimamizi wa bibi arusi wapate pa kukaa.

— Funga kwa mtungi, Dere akashauri. Utepe unashika vizuri.

Muthoki hakufunga.

— Siku ya soko, hivi vitu huwa hapa?

— Hapana, mama. Soko ni karibu, maji ya nini? Huwa naviacha nyumbani.

— Na siku ya soko inachemka?

— Haichemki.

Muthoki akaweka karai chini. Aliinama, akajaribu kupenyeza mkono mahali upepo hupita kwenda kupoza rejeta. Mkono haukupita.

— Sasa upepo unaingilia wapi?

Basi la Mombasa lilipita, vumbi likatua juu ya benchi. Injinia alichungulia ndani ya kikombe chake kitupu. Dere akamwangalia Hadiwea.

Ndeti alihisi masikio yake yakipata moto. Kila mwaka alipanda maharagwe kwenye mikebe miwili, mmoja dirishani, mwingine kabatini, akawauliza watoto wa darasa la sita: huu tumeufanyia nini ambacho ule hatukuufanyia? Muthoki alikaa dawati la mbele.

— Syombua, akasema, tuazime kisu.

Mipira ikakatwa. Kila mmoja akabeba chake, macho chini. Rejeta ilipoonekana, ilikuwa imejaa panzi na majani makavu, na Muthoki akaisafisha kwa ufagio wa Syombua.

— Lakini mimi nilisema ni upepo, Hadiwea akasema, gunia begani.

— Ulisema uzibwe!

— Mimi nilisema ni upepo.

Dere alileta mtungi mmoja.

— Huu tu, Mwalimu. Wa kutuliza moyo.

— Weka nyuma.

Waliondoka wawili, baba na binti, kwenda kujaribu. Sitini. Sabini. Themanini. Mshale ulipanda hadi katikati, ukatulia. Ndeti aliutazama kwa pembe ya jicho, asije akaushtua. Walipofika Kiboko gari likapunguza mwendo, likasimama kando.

— Baba, mbona unasimama?

— Mguu umezoea.

Ndululu alikuwa tayari anakuja mbio, ndoo inamwagikia miguuni. Alifika, akatafuta moshi, akaukosa.

— Mwalimu, leo nimwage wapi?

Ndeti akashuka, akaomba kikombe, akanywa hadi chini. Kisha akakijaza tena, akampa bibi arusi kupitia dirishani.

— Na lile lori la Mama? Muthoki akauliza.

— Lipakie mbuzi.