Supu ya Jumapili Maisaka

Jumapili saa nne asubuhi nilipanda bajaji ya kwenda Maisaka pamoja na abiria wawili wasiofahamiana. Dada mmoja aliyehamia mjini kikazi alimgeukia mama aliyekaa kati yetu.

"Shikamoo mama. Eti hapa Babati supu nzuri ya wikiendi iko wapi? Kazini wamenielekeza kwa Mama Vailet."

"Marahaba. Kwa Mama Vailet!" Mama aliguna. "Ile si supu, mwanangu. Ni maji ya moto yaliyopitiwa na mbuzi."

"Mbona wanasema hata kwaya wanakula pale wakitoka misa ya kwanza?"

"Kwaya ipi?"

"Wale wa sare za bluu."

Mama alitazama nje ya bajaji. "Hao nimewapikia mimi miaka sita. Leo nimewasubiri mpaka chapati zimepoa."

Nilitamani kumwambia kwamba mapishi yake ni bora zaidi, ila sijawahi kuyaonja.

Bajaji iliposimama kwa Mama Vailet, kwaya ilisikika ndani ikicheka. Dada alianza kushuka, mama akamshika mkono.

"Niagizie bakuli moja uniletee hapa hapa. Mimi wananijua."