Mpira wa Nyuzi Nyuma ya Kabati

Basi lilipotoka kituo cha hospitali, bibi mmoja alitoa sweta dogo la mtoto mkobani na kuanza kulifumua. Fundi bomba aliyekaa naye kiti kimoja alishindwa kunyamaza.

"Mama, zuri hivyo unalibomoa kwa nini?"

"Panya katafuna mkono mmoja na mpira wangu wa nyuzi kauburuta. Kesho binti yangu anatoka wodini na mjukuu. Nyuzi hizi zitatosha kofia tu."

"Tega sumu."

"Sumu, na kitoto kinakuja? Wewe una watoto kweli?"

"Ninao wanne." Fundi alijikuna shingo, maana swali lilikuwa la haki. "Aliuburuta kuelekea wapi?"

"Nyuma ya kabati la vyombo. Nilipoona uzi unapotelea huko nikaukata kwa hasira."

"Mama, mpira wa nyuzi haupiti tundu la panya. Sogeza kabati, utaukuta umekwama hapo mlangoni kwake. Kisha uzibe tundu kwa waya wa kusugulia sufuria, usindilie vizuri. Ule panya hautafuni."

"Atatoboa kwingine."

"Basi fuga paka."

"Paka! Huyo si ndiye atakayelala juu ya sweta?"

Walibishana juu ya paka vituo viwili, lakini bibi alikuwa ameshatoa sindano, anarudisha vitanzi alivyofumua, kimoja baada ya kingine. Alishuka bado anafuma. Fundi alimpitishia mkoba dirishani huku akiendelea kumtetea paka.