Bi. Ritha Singano, Mtunza Rafu ya Fantasia

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Bi. Ritha Singano atafunga dirisha la kuazimisha vitabu kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi wa Maktaba ya Jamii Bondeni, hapa Korogwe. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi mitatu kazini. Sisi tunaobaki tumepamba ukumbi na kuagiza pilau, na kusema kweli tuna hofu. Sababu yake msomaji ataiona mbele.

Bi. Ritha alizaliwa Mazinde, kwa wazazi waliokuwa vibarua wa shamba la mkonge. Aliajiriwa Machi 1994 kama mfanya usafi. Inasemekana alikuwa akifagia chumba cha vitabu kwa saa mbili nzima, na mkuu wa maktaba alipochungulia akamkuta amekaa sakafuni anasoma, ufagio umelala pembeni. Badala ya kumfukuza, alimpeleka kozi ya ukutubi. Tangu hapo ameshona kwa mkono wake mamia ya vitabu vilivyochanika. Tena hajawahi kupokea kitabu kinachorudishwa bila kumuuliza msomaji ni ukurasa gani uliomchosha.

Lakini jina lake limevuma kwa sababu ya rafu moja, ile ya riwaya za fantasia, zenye milango ya siri na falme zisizo kwenye ramani yoyote. Mwaka 2009 wasomaji wawili waligombana mbele ya kaunta hadi foleni ikasimama. Mmoja alikuwa Bwana Akber, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mwingine alikuwa Mwalimu Eliasi, aliyekuja kwa basi kutoka Misima, Handeni. Bwana Akber alimtetea Tumaini Ngereza, mwandishi wa juzuu saba za wafalme wa mawinguni, kwa kuwa uchawi wake una sheria na sheria hazivunjwi. Mwalimu Eliasi alisema uchawi wenye sheria ni hesabu tu, na kwamba hakuna anayemfikia Salha Mwinjaka, ambaye mito yake huamka asubuhi ikiwa imebadili mawazo. Bi. Ritha akawaambia waje Jumamosi saa tisa wagombane wakiwa wamekaa.

Ndivyo lilivyozaliwa Baraza la Jumamosi. Lilifikisha watu arobaini. Mama Bhanumati, muuza vitambaa, alikuja kila wiki kuwaambia wote kwamba waandishi wao wanarefusha mambo. Bi. Ritha aligawa zamu za kusema na kunyamazisha waliozidisha sauti. Yeye hakuegemea upande wowote.

Julai 2022 ilikuja barua. Mzazi mmoja alilalamika kwamba binti yake amekataa kuchota maji bwawani, akidai chini yake kuna mlango. Kwa maoni ya mzazi huyo, maktaba inafundisha watoto uchawi. Kamati ya maktaba iliamua vitabu vyote 143 vya fantasia viondolewe, isipokuwa vya mwandishi mmoja tu. Bi. Ritha alipewa wiki nne kuwasilisha jina hilo.

Sijapata kumwona vile. Alipanga kalamu upya kila baada ya dakika chache. Alianza kugonga mihuri kwenye kurasa zisizo zake. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema, "Isaka, siumwi. Nikichagua, napoteza wasomaji. Nisipochagua, napoteza vitabu. Na miaka mitatu ya mwisho kazini huenda nikaipoteza pia."

Aliwaeleza wasomaji ukweli, na Baraza likachafuka. Kubishana kwa raha kuligeuka kuwa kura, na kura ikaleta kinyongo. Watu walianza kukaa makundi mawili, huku na kule. Jumamosi ya pili Mwalimu Eliasi alisimama akasema, "Mwinjaka akitolewa, na mimi nimetolewa." Bwana Akber akamjibu kwamba mlango uko wazi. Jumamosi ya tatu Mwalimu hakuja.

Bi. Ritha hakungoja ya nne. Alipanda basi hadi Handeni, akachukua bodaboda mpaka Misima, akiwa na wasiwasi kwamba atafukuzwa uani kwa mtu. Alimkuta Mwalimu anapukuchua mahindi. Kwenye mkeka, kando ya gunia, palikuwa na juzuu ya tano ya Tumaini Ngereza.

"Nilizichukua ili nimtafutie makosa," Mwalimu alisema bila kumtazama. "Nilitaka nije na orodha. Nimefika hapa, na orodha bado haina kitu."

"Basi uje uyaseme hayo mbele ya kamati," Bi. Ritha alimwambia.

"Niseme nimeshindwa?"

"Useme umesoma."

Jioni ileile alipitia dukani kwa Bwana Akber na kumwachia kitabu kinene cha Salha Mwinjaka juu ya mizani ya misumari.

Siku ya kikao, Mama Bhanumati alimshikia Bi. Ritha mkoba. Mwalimu Eliasi alisimama akamtetea Ngereza. Bwana Akber akasimama akamtetea Mwinjaka, akikiri kwamba sura ya mto ilimfanya achelewe kufungua duka. Walipomaliza, mwenyekiti alimgeukia Bi. Ritha na kumtaka jina moja.

"Mheshimiwa, sina jina moja," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, tuliokaa nyuma tuliinama kusikiliza. "Nikiwapa moja leo, mwakani mtaniomba nusu. Mzazi ana haki ya kuhofia mtoto wake. Naomba aje, tusome naye kitabu chenyewe, halafu aniulize lolote."

Alipewa barua ya onyo kwa kukaidi agizo. Kamati iliahirisha uamuzi na kuruhusu vitabu vibaki kwa muda. Mzazi alikuja mara mbili. Hakuridhika na kila alichosoma, na alisema hivyo waziwazi, lakini binti yake aliruhusiwa kuendelea kuazima, akichota maji kwanza. Bwana Akber na Mwalimu Eliasi walirudi kukaa meza moja, wakabishana upya juu ya nani kati yao alibadilika zaidi.

"Kwa muda" hiyo sasa ina miaka mitatu, na haijafutwa. Kamati itakaa tena Agosti, na rafu ya fantasia imo kwenye ajenda. Bi. Ritha hatakuwepo kaunta. Funguo amenikabidhi mimi, Isaka Mhina, mtu ambaye hushikwa na kigugumizi akiitwa na mwenyekiti.

Nilimweleza hofu hiyo wiki iliyopita wakati wa makabidhiano. Alivuta droo, akachukua fomu ya uanachama, akaanza kuijaza. Kwenye kazi aliandika: mstaafu. Mbele ya swali la mwandishi umpendaye zaidi, aliandika: bado nasoma. Nilipomuuliza ya nini, alisema mtumishi anaweza kupewa barua ya onyo, ila mwanachama ana haki ya kusimama kwenye kikao na kusema.

Bi. Ritha, asante kwa kila ukurasa ulioushona na kila ugomvi uliouketisha. Tunakuombea afya, mapumziko marefu huko Mazinde, na miwani isiyopotea. Uishi vizuri, mama yetu. Kikao ni tarehe 14 Agosti, saa nne asubuhi, na kiti cha mbele tumekuwekea.